Picha za Utosi

Jana usiku simu ilikataa kupokea picha mpya: imejaa. Nikakaa kitandani kufuta, nikidhani ni kazi ya dakika kumi. Saa nzima baadaye nilikuwa bado nimeikodolea macho, na nimegundua jambo la aibu kidogo. Karibu picha zote za wanangu nimewapiga utosini. Wao wako sakafuni na midoli yao, mimi nimesimama wima kama mnara, na kinachoonekana ni nywele, paji la uso na vijiguu vilivyofupika. Wanapotazama juu, ni kwa sababu nimewaita. "Niangalie! Cheka!" Meno yanatoka, lakini machoni hamna kicheko.

Leo asubuhi nikalala kifudifudi sakafuni karibu na dirisha, viwiko chini, simu usawa wa macho ya mdogo, ambaye alikuwa akipigana na viatu vyake. Taa ya dari niliizima. Hilo nililijua baada ya kuharibu picha nyingi: balbu yetu hutoa mwanga wa manjano, wa dirishani una ubuluu, na ikichanganyika shavu moja huwa la chungwa na jingine kama la mgonjwa. Jua lilikuwa linaingia moja kwa moja, nikavuta pazia jepesi. Mwanga ukalainika, ukamwangukia upande mmoja wa uso na kuuacha wa pili kivulini, na ghafla mtoto akawa na mashavu ya kweli. Flashi sikuigusa. Ile ya simu humulika kutoka mbele, inafuta vivuli vyote, na sura inabaki bapa kama stempu.

Shida ya ndani ya nyumba ni kwamba mwanga ni haba na watoto hawatulii. Kamera ikiachiwa iamue yenyewe, mara nyingi huchukua muda mrefu zaidi kukusanya mwanga, na mkono wa mtoto unatoka kama moshi. Kwa anayekimbia naweka mwenyewe muda huo uwe 1/250 ya sekunde au mfupi zaidi. Aliyezama kwenye kitabu, 1/125 yamtosha. Giza likizidi napandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 1600, hata 3200. Picha inatoka na chengachenga, sawa. Chenga navumilia, ukungu wa kutikisika sivumilii.

Tena nimeacha kuwasogelea mno. Lenzi kuu ya simu huona pana, na ukimkaribia mtu sana pua yake huvimba kuliko masikio. Narudi hatua mbili, kisha napunguza kingo baadaye.

Mkubwa alipita, akaona simu, akasema, "Mimi usinipige." Nikaigeuza pembeni. Zamani ningembembeleza.

Nilipiga kama arobaini, nikabakiza moja. Uso wake hauonekani vizuri hata kidogo: ameinama, ncha ya ulimi nje, vidole vinne vimeng'ang'ania kamba ya kiatu. Ndivyo anavyokuwa kila asubuhi, na sikuwa na picha yake hata moja ya namna hiyo.

Alipomaliza ndipo aliponiona.

"Mama, umeanguka?"

Nikamwambia nimelala tu. Akanitazama, akavua kiatu kimoja, akaja kunivika mkononi.