Risiti mbili nyeusi

Jumapili umeme ulikatika saa mbili usiku, na sketi ya shule ndiyo kwanza imetoka kwenye kamba, kiunoni bado mbichi. Mama watoto akaenda kuazima pasi ya mkaa kwa jirani. Binti yangu hajawahi kuishika pasi ya namna ile, akataka kwanza apime moto wake, na kitu cha karibu mezani kilikuwa risiti ya mafuta niliyoitoa mfukoni. Akaigusisha tu. Ikawa nyeusi tii.

"Baba, imeungua lakini haijaungua. Kwa nini?"

Nikamweleza kwamba karatasi zile hazitumii wino, mashine inaziandika kwa joto, sasa ukizipa joto zote zinajiandika zote. Akaniuliza nimejulia wapi. Nikasema kazini.

Ilikuwa 2015, mwaka ule meli ya Liemba ilipokuwa inawabeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga, kule mpakani. Wakati huo nilikuwa bado mhasibu wa lile shirika la vichanja, vile vya kuanikia dagaa. Na shida yetu mwaka ule, niamini, ilikuwa pesa kuzidi. Bajeti tuliipiga 2014 kwa dola moja shilingi 1,650. Awamu ya mwisho ya ruzuku ilipoingia, dola imeshavuka 2,000. Dola ni zilezile, shughuli ni zilezile, ila kwenye shilingi tumefura. Mfadhili anataka mradi ufungwe tarehe 30 Septemba, na kinachobaki kirudi kwake. Kurudisha pesa kwenye mashirika yetu ni aibu ya ajabu kidogo, maana inaonekana hukujua kupanga, na mwakani unapewa pungufu. Basi Julai mkurugenzi akaja na wazo la kuongeza kijiji. Wazo lenyewe zuri, silipingi hadi leo. Dagaa wa kichanjani na dagaa wa mchangani bei zao haziko sawa, muulize mama yeyote wa Kibirizi, ufukweni hapa Kigoma.

Nikatumwa kijiji cha Mwamgongo kwa boti, mimi, fundi, mbao, misumari na mabunda ya wavu wa waya, ule wa mabanda ya kuku. Wakati wa kupakia nikahesabu. Si kwamba nilishuku kitu, mimi nahesabu hata ngazi. Yalikuwa thelathini na matatu. Risiti niliyokabidhiwa ofisini, ya mashine, safi kabisa, inasema mabunda 40 kwa shilingi 65,000, jumla 2,600,000. Nikahesabu tena huku nahodha ananiangalia. Nikampigia mkurugenzi.

"Mengine yatafuata," akasema. Kabla hajakata akaongeza, "Na ile hati ya kupokelea mzigo tutaijaza wenyewe ukirudi. Usiwasumbue akina mama."

Tulipofika, katibu wa kikundi alikuwa na haraka kuliko mimi. Akaichomoa hati kwenye faili, akahesabu mzigo wake mchangani, akaandika 33, akasaini, na mwenyekiti wake akaweka dole gumba. Sikumzuia. Wala sikumwambia kuna kingine kinafuata.

Siku mbili vichanja vikasimama. Safari ya kurudi upepo wa kusi ulikuwa unatujia usoni, na ziwa la Julai mnalijua. Begi nililiweka mapajani, nikalifunika na koti, lakini maji yalikuwa tayari yamo ndani ya boti na sisi tumo ndani ya maji. Kibirizi nikashuka natiririka kama mgebuka.

Usiku ule, chumbani kwangu Mwanga, Kigoma mjini, nikatandika kanga kitandani nikazipanga karatasi moja moja. Kurejesha masurufu, yaani hesabu za pesa za safari, ilikuwa kesho yake saa nne, na anayechelewa anakatwa kwenye mshahara. Mama mwenye nyumba akaniazima pasi. Nikaanza na zile za mkono: karatasi ya daftari ya mama aliyetupikia ugali siku mbili, dole lake la wino wa zambarau limesambaa kidogo, stakabadhi ya boti, orodha ya posho. Mvuke ukapanda, ukanukia ziwa na dagaa. Zikatoka zimekakamaa kama kaukau, lakini zinasomeka. Nikajiona fundi.

Za mashine zilikuwa nne. Ya kwanza, ya petroli, 230,000. Nikashusha pasi. Sikusikia kitu wala harufu haikubadilika. Nilipoinua, karatasi ilikuwa nyeusi kuanzia juu mpaka chini, inang'aa kidogo. Nikaipeleka karibu na taa, nikaigeuza huku na huku. Hakuna tarehe, hakuna lita, hakuna hata nembo.

Hapa ndipo ninapokuja kukwama kila nikiikumbuka. Pasi iko mkono wa kulia. Mkaa unalia ndani, tsi, tsi. Redio ya mama mwenye nyumba inasoma magazeti ya jioni. Risiti iliyofuata kwenye kanga ilikuwa ya wavu, nusu imekauka yenyewe, na ile arobaini naiona vizuri kabisa, 4 yake mguu umelowa. Nilijua sasa karatasi hizi zinafanya nini zikiguswa na pasi. Nilijua kwa sekunde kumi, labda ishirini.

Nikaipiga pasi.

Mbili zilizobaki, za mbao na za misumari, nikazilaza katikati ya kitabu, asubuhi zikawa nzima.

Mkurugenzi hakugomba. Alizitazama zile mbili nyeusi kwa muda, akanitazama mimi, akaniagiza nikaombe barua za uthibitisho. Kituo cha mafuta wakasema wao hawana utaratibu huo. Dukani muuzaji alikuwa mkarimu mno. Akatoa karatasi yenye kichwa cha duka, akatoa kalamu, akaniuliza bila hata kushusha sauti, "Kaka, niandike arobaini au thelathini na tatu?"

Hesabu za swali lile nimeshazipiga mara nyingi tangu siku hiyo. Ningesema thelathini na tatu, shilingi 2,145,000 zingekuwa na ushahidi, zingebaki 455,000 za kujieleza, na wa kujieleza anajulikana. Nilichosema ni, "Basi, acha." Ofisini nikaripoti kwamba duka nalo limekataa.

Novemba akaja mkaguzi, dada mmoja mpole kutoka Dar. Karatasi ya mama wa ugali aliipitisha bila neno. Alipofika kwenye nyeusi, nikamweleza habari za mawimbi na pasi, akacheka, akasema si mimi wa kwanza, ndiyo maana risiti hizi zinatolewa kopi siku hiyohiyo. Kisha akazipanga zote nne mezani.

"Hizi mbili zilipona vipi?"

"Mkaa ulizima," nikasema.

Akaandika. Shilingi 2,830,000 zikakataliwa, shirika lizirudishe kwa fedha zake lenyewe. Na fedha zetu wenyewe, zisizo na masharti ya mtu, zilikuwa 3,100,000, za kukodisha viti na turubai kwenye misiba na harusi. Ndizo zilizokuwa zinatuvusha mradi ukiisha kabla mwingine haujaanza, na ndizo zilizokuwa zinamlipa mzee wetu wa getini, kwa sababu wafadhili wote wanapenda vichanja, lakini mlinzi hayumo kwenye bajeti ya yeyote. Mzee alikaa Desemba na Januari bila mshahara. Aliendelea kuja kila jioni na tochi yake. Mkurugenzi yeye alimaliza mkataba wake salama akahamia shirika jingine, kubwa zaidi.

Krismasi ile nilimpa mzee 20,000. Mwaka juzi tukakutana soko la Mwanga, ameinama sana siku hizi, akanishika mkono hataki kuuachia. "Mwanangu mhasibu, wote walinisahau, wewe peke yako ndiye ulinikumbuka." Alisema mbele ya wauza migebuka, wakanitazama kwa heshima. Nikamnunulia miwili. Nikasema, "Kawaida tu, mzee."

Binti yangu alimaliza sketi, marinda yamenyooka sawasawa. Ile risiti akawa bado anaichezea, anaikwaruza kwa ukucha.

"Na wewe kazini uliunguza ngapi?"

"Moja kwa bahati mbaya," nikamwambia, na hilo ni kweli.