Land Rover yangu imeacha kuzurura

Tangu mwezi wa tatu Land Rover yangu ilikuwa inazurura. Ni 109 ya mwaka 1974, Series III, injini ya petroli ya cc 2286, niliyoinunua kwa mkulima wa mboga wa Lushoto. Kwenye lami kati ya Korogwe na Mombo nikinyoosha usukani gari lilikuwa linajichagulia upande. Nikilirudisha, linapitiliza upande wa pili. Basi la Arusha likinipita, upepo wake peke yake ulitosha kunisukuma hadi ukingoni. Siku moja nilifika Mombo na watoto wamelala nyuma, mimi mikono imekufa ganzi. Niliogopa, sifichi.

Nilienda kupiga alaimenti, yaani kurekebisha magurudumu ya mbele yaelekee sawa, kwenye gereji moja mjini. Wakalegeza, wakakaza, nikalipa, hali ikawa ileile. Niliporudi mara ya pili wakaniambia ndivyo Land Rover za zamani zilivyo. Kauli hiyo iliniuma kuliko hela. Gari hili likiwa sawa linakwenda mstari mmoja, na watu waliozeeka nazo wanalijua hilo.

Mmoja wao ni fundi mzee wa Mombo. Nilipomwamkia na kumweleza, aliitikia marahaba, kisha akasema, "Mwalimu, alaimenti inapimwa mwisho. Kwanza tutafute plei, ule ulegevu wa viungo."

Aliingia chini ya gari, akaniambia nikae kwenye usukani niutikise kidogo kushoto na kulia, injini imezimwa, matairi yamekaa chini. Yeye akawa anashika kila kiungo kwa kiganja. Usukani wa Series una tairodi endi sita, yaani viungo vya kwenye ncha za fimbo za usukani: mbili kwenye fimbo inayotoka kwenye boksi la stelingi, mbili kwenye fimbo inayokwenda gurudumuni, na mbili kwenye fimbo ndefu inayounganisha magurudumu. Ukijumlisha plei ndogondogo za sita hizo unapata usukani unaozunguka bure kabla tairi halijasikia. Zangu mbili zilikuwa zimekufa kabisa. Yule wa gereji alikuwa anapima juu ya fimbo zinazocheza; kesho yake vipimo vyake havikuwa na maana.

Katikati ya mfumo huo kuna rilei, bomba la wima lililozamishwa kwenye fremu ya mbele. Mzee hakutaka kuifumua. Ndani kuna springi iliyobanwa kwa nguvu nyingi, na ikifyatuka inaweza kumjeruhi mtu vibaya. Ilikuwa imekauka tu, tukaijaza oili ya gia kupitia tundu la juu.

Kingpini, zile pini ambazo gurudumu la mbele hugeukia, ndizo zilizonifundisha. Tulipiga jeki, akashika tairi juu na chini akalitikisa: likagonga. Akaniambia nikanyage breki. Likaendelea kugonga. Breki inafunga ngoma na habu, yaani kitovu cha gurudumu, pamoja na bamba lililo nyuma yake, kwa hiyo kama plei ingekuwa ya beringi za habu, ingepotea. Haikupotea, basi ni kingpini. Tukafungua ya juu, tukapunguza shimu, vile vibati vyembamba vya kujazia, hadi ikabana vizuri, kisha akaivuta kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki, akisoma uzito unaohitajika kuigeuza. Ikilegea sana, usukani unatetemeka ukifika mwendo fulani. Ikibana sana, unageuka kwa shida na haurudi.

Ndipo tukapima alaimenti, kwa msumari na futi ya chuma. Unazungusha tairi likiwa juu, unalichora mstari kwa ncha ya msumari, unalishusha, unasukuma gari mbele kidogo ili likae sawa. Unapima upana kati ya mistari miwili kwa mbele, usawa wa katikati ya habu. Kisha unasukuma gari nusu mzunguko wa tairi, alama ileile ije nyuma, unapima tena. Mbele panatakiwa pawe pembamba kuliko nyuma kwa milimita 1.2 hadi 2.4. Kwetu zilikuwa 8! Tukalegeza klampu, tukazungusha fimbo ndefu, tukaacha 2.

Nikaenda kulijaribu. Lilikuwa limetulia zaidi, lakini bado linazurura.

Mzee hakusema kitu. Alirudi nyuma hatua kama ishirini, akaliangalia gari kwa ubavu. "Limeinama," akasema.

Mwenyewe wa zamani alikuwa anabeba viazi na kabichi, akaongeza majani, yale mabamba ya chuma, kwenye springi za nyuma. Nyuma ilikuwa imepanda sentimita 7. Mimi nafundisha fizikia na sikuwahi kufanya hesabu hiyo. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni inchi 109, yaani sentimita 277. Saba juu ya 277 ni karibu digrii moja na nusu. Kingpini za gari hili zinatakiwa zilale nyuma digrii 3, hiyo ndiyo kasta, na ndiyo inayolivuta gurudumu lirudi kunyooka, kama magurudumu ya mbele ya toroli la dukani yanavyofuata mkono. Gari likiinamisha pua, kingpini nazo zinasimama. Nilikuwa nimepoteza nusu ya kasta yote, na hakuna fimbo ya kuzungusha inayoweza kuirudisha.

Njia moja ni kuweka kabari kati ya springi na ekseli ya mbele. Mzee alikataa: kabari ikilaza ekseli, pua ya difu inashuka na krosi ya propela, kiungo cha shafti inayozungusha difu, inaumia. Tulitoa majani mawili kila upande wa nyuma, tukabadilisha U-bolti. Mimi sibebi viazi.

Jumamosi nilipandisha Lushoto. Juu kidogo ya Soni, nikitoka kwenye kona, nililegeza vidole, na usukani ukarudi wenyewe taratibu hadi katikati.