Suruali Ina Miguu Miwili

Mwaka 2011 sikuwa na ofisi. Nilikuwa na kitabu cha michoro, na ofisi yenyewe ilikuwa kwapani. Nilikuwa nikiandika mabango na kuchora kuta za vibanda mjini Kisumu, Kondele, Manyatta, Nyalenda, popote palipokuwa na ukuta na mwenye ukuta aliye tayari kulipa. Mteja akiniita namfungulia kitabu. Anapekua kwa vidole vilivyotoka kwenye omena, anasimama kwenye ukurasa fulani, anagonga: "Niandikie kama hii, lakini nyekundu." Kurasa za mwanzo zilikuwa za vinyozi, vichwa vya wanaume vyote vimegeukia kulia kwa kuwa aliyegeukia kushoto alikuwa bado ananishinda. Zikafuata za bucha, za hoteli, za maduka ya dawa, na herufi za kila namna ambazo nilizinakili kwenye matatu zikisubiri abiria.

Kitabu chenyewe nilipewa na mwalimu wangu wa sanaa nilipomaliza kidato cha nne. Kilikuwa na ukubwa wa daftari la shule, karatasi nzito, jalada jeusi gumu. Miaka miwili ya kwapa na mvua ikalimaliza jalada hilo. La nyuma lilidondoka nikiwa kwenye boda boda na sikujua mpaka nilipofika. La mbele lilibaki likining'inia kwa uzi wa kitambaa. Nikakifunga kitabu kwa mpira niliokata kwenye tyubu ya baiskeli, nikaona yamekwisha.

Hayakwisha. Kulikuwa na mama mmoja mwenye hoteli karibu na soko la Kibuye aliyetaka achorewe samaki mzima kwenye sahani, ugali pembeni, na jina la hoteli juu yake. Kazi nzuri, ukuta mpana, barabarani kabisa. Alijifuta mikono kwenye leso, akakipokea kitabu, akavuta ule mpira. Kurasa zikamtoka mikononi zikatawanyika sakafuni, na sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki muda huo huo.

Hakucheka. Laiti angecheka. Aliniangalia nikiokota vinyozi vyangu vilivyolowa, kisha akasema polepole, "Kijana, kama kitabu chako mwenyewe umekiacha hivi, ukuta wangu utaufanyaje?"

Nikasema nitarudi. Sikuwa na jibu lingine.

Usiku ule ule nilijaribu kukitengeneza. Nilikata katoni ya mafuta ya kupikia vipande viwili, nikavibandika kwa gundi nyeupe ya maseremala, na juu nikapaka gundi zaidi nikalaza kalenda ya mwaka 2010 iliyokuwa na picha ya ziwa. Taa ilipozimwa kilikuwa kinapendeza. Asubuhi nikakuta majalada mawili yamejikunja kila moja kivyake, ukiyaweka kifudifudi unapata mitumbwi miwili. Nilikaa nikiyatazama kwa muda. Kisha nikayakalia, nikidhani uzito utayanyoosha. Moja likavunjika.

Aliyeniokoa ni mzee wa viatu. Alikuwa akikaa chini ya mwavuli upande wa soko la Jubilee, na siku hiyo sikumwendea kwa ajili ya kitabu, nilimpelekea ndara iliyokatika kamba. Alikiona kwapani.

"Lete hicho."

Nikampa. Akakigeuza, akakinusa, akatoa ulimi kama aliyeonja chumvi. "Nani amekifanyia hivi?"

"Ni mimi, mzee."

"Ah. Nilidhani ni ajali."

Kabla ya viatu, kumbe, ujana wake wote aliumalizia kwenye chumba cha nyuma cha wachapaji mjini, akijalidi leja za wenye maduka ya jumla. Zile leja nene nyekundu ambazo mtu mmoja hazibebi mbili. Kazi ilipokwisha alihamisha sindano na kisu, akaenda kwenye viatu. "Ngozi ni ngozi," aliniambia, halafu akaanza kuniuliza maswali. Unajua kukoroga uji? Una wembe? Una haraka? Nilijibu ndiyo kwa yote matatu, na hilo la tatu ndilo lililomfanya akunje uso.

Akanituma vitu. Kadibodi ngumu isiyo na mawimbi ndani, kitambaa kizito, karatasi ya kaki, unga wa ngano, na shabu. "Ununue unga na shabu tu," alisema. "Hivyo vingine vimetupwa katika mji huu, wewe tafuta."

Kweli vilikuwa vimetupwa. Ofisi moja ya mawakili ilikuwa inahama, na askari wa mlangoni akaniruhusu nichukue boksi faili tatu zilizowekwa nje zingoje taka. Moja panya walikuwa wamekula kona, lakini kadibodi yake ilikuwa kavu na ngumu kama ubao. Mfuko wa simenti niliupata kwenye ujenzi Migosi. Watu huona mfuko wa simenti ni karatasi moja, kumbe ni kadhaa zilizovaana, na ya katikati hutoka safi kama haijawahi kusikia simenti. Kitambaa nilikingoja hadi Jumapili, siku ya Kibuye kufurika, tena hadi jioni wauza mitumba walipokuwa wanafunga marobota. Jamaa mmoja alikuwa na jinzi iliyotoboka magoti yote mawili. "Hii hata mimi naona haya kuitaja bei," akasema. Nikampa shilingi ishirini akashukuru.

Nikajiongezea na kitu ambacho sikutumwa. Nilishuka hadi Dunga nikaomba uzi wa nyavu kwa wavuvi, mweupe, wa nailoni, ule usiokatika hata ukivutwa na mbuta. Nilimwekea mzee mbele yake nikijua nimefanya la maana. Akauvuta kati ya vidole, akanirudishia. "Huu hautakatika," alisema, "utakata. Miezi sita tu karatasi zako zitakuwa zimepasuliwa kwenye matundu." Akatoa wake wa pamba, akaukunja mara mbili, akausugua kwenye kipande cha mshumaa mpaka ukawa unang'aa.

Somo la kwanza lilikuwa la karatasi, na nimechora kwenye karatasi maisha yangu yote bila kulijua. Alichukua ile ya simenti akaichana kutoka juu kwenda chini, ikachanika imenyooka. Akaichana kutoka kushoto kwenda kulia. Ikaenda kama mlevi anatafuta mlango. "Umeona? Ina njia yake, kama mbao." Kadibodi pia ina njia. Ukiikunja kwa upole upande mmoja inakubali, upande wa pili inakataa. Njia zote, za kadibodi, za kaki, za kurasa, lazima zifuate mgongo wa kitabu, juu hadi chini, la sivyo kitabu hakifunguki vizuri na unyevu ukija kinajikunja. Kuhusu mitumbwi yangu alikuwa na maneno machache. Karatasi ikilowa hutanuka, ikikauka hujivuta. Mimi nilibandika nje tu, kwa hiyo nje ilipokauka ikavuta na hakukuwa na kitu ndani cha kuvuta upande wa pili. "Ni kama kamba za kuvutana," alisema. "Umeweka timu moja."

Gundi kuukuu ya mgongoni aliiondoa kwa uji. Sikuamini. Alipaka uji mzito wa ngano mgongoni mwa kitabu, akafunika kwa kipande cha mfuko wa plastiki (siku hizo ilikuwa bado ruhusa, marufuku ilikuja Agosti 2017), akaendelea kushona kiatu cha mtu. Baada ya muda gundi ilikuwa imelainika, akaikwangua kwa mgongo wa kisu ikatoka kama ukoko wa sufuria. Hapo ndipo nilipokiona kitabu changu kikiwa uchi. Kumbe hakikuwa rundo la karatasi. Kilikuwa vikunjo vidogo vidogo, kila kimoja karatasi kadhaa zilizovaana na kushonwa katikati, kisha vyote vikashikanishwa. Viwili tu ndivyo vilivyokuwa vimekatika uzi, vile vilivyomwagika pale hotelini. Akanipa sindano nivishone mwenyewe. Niliwadunga vinyozi wangu mara nyingi, na vidole vyangu pia.

Rula hakuwa nayo. Alipima kwa sarafu: jalada lipite kurasa kwa unene wa sarafu mbili za shilingi zilizolaliana, juu, chini na mbele. Kati ya kadibodi ya jalada na ile nyembamba ya mgongo aliweka penseli, akachora mstari huku na huku. Pengo hilo ndilo bawaba. Likiwa dogo jalada halifunguki, likiwa kubwa linayumba. Kitambaa kizidi kila upande kwa upana wa kidole gumba ili kikunjwe ndani.

Kupika gundi nilipewa nikafanye nyumbani. Kikombe cha unga, vikombe vitano vya maji, moto mdogo, na kukoroga bila kusimama hadi weupe ukatike na uji uanze kung'aa. Shabu iliyopondwa kijiko kimoja, kwa ajili ya mende, maana gundi ya ngano kwao ni karamu. Nilikuwa napanga chumba kimoja Manyatta, jiko likiwa mlangoni, na watoto wa ploti walivyoona sufuria wakaja na vikombe. Nilipowaambia si uji wa kunywa waliniangalia kama mchoyo, na mmoja akaenda kumwambia mama yake hivyo.

Mzee alikuwa amenionya: kitambaa kivishwe karatasi nyembamba kwa ndani kwanza, kikauke, ndipo kipakwe gundi. Lakini ile haraka niliyoikiri siku ya kwanza ilikuwa bado inanisumbua. Nilikata paja la jinzi juu ya goti, nikafumua mshono wa ndani, nikapaka uji moja kwa moja, nikalaza kadibodi. Uji ukapenya nyuzi ukatokea upande wa pili. Ulipokauka, bluu yote ya mbele ilikuwa na ukungu mweupe, mgumu, kama mahali mtoto amecheulia.

Nilimpelekea mzee kesho yake nikijua nitakemewa. Aliukwaruza ule weupe kwa ukucha, akauliza, "Suruali ina miguu mingapi?"

"Miwili."

"Basi mwenye suruali alikuwa anakujua."

Mguu wa pili niliuvisha. Nikangoja ukauke siku nzima. Mshono wa nje wa jinzi, ule mnene wenye uzi wa rangi ya machungwa, mzee aliniambia niulaze katikati ya mgongo, na mpaka leo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Pembe nikazikata mshazari, nikazikunja kwa mpini wa kijiko. Ndani nikabandika kaki ya simenti, timu ya pili ya kamba, na mfuko wa nyuma wa ile jinzi nikauweka ndani ya jalada la mwisho kwa ajili ya vipande vya penseli.

Kisha uzito. Sikuwa na kitu kizito chumbani isipokuwa mitungi miwili ya maji ya lita ishirini. Nikakiweka kitabu kati ya mbao mbili, mitungi juu. Ilikuwa Aprili, mvua ikitoka ziwani karibu kila jioni, na gazeti nililoweka kunyonya unyevu nililibadilisha asubuhi na usiku. Siku tatu. Siku tatu nilinunua maji ya mkokoteni kwa sababu yangu yalikuwa kazini.

Kilipotoka kilikuwa kimenyooka. Kilifunguka na kulala mezani bila kushikiliwa. Nilikifungua na kukifunga mara nyingi kuliko inavyofaa mtu mzima.

Nilirudi kwa mama wa hoteli. Zilikuwa zimepita wiki tatu, na ukuta ulikuwa umeshachorwa. Samaki yupo, sahani ipo, ila samaki alikuwa anatabasamu. Sikusema kitu, nilimpa tu kitabu kwa heshima, maana nilikuwa nimeahidi kurudi. Hakuangalia mchoro hata mmoja. Aligonga jalada kwa kifundo cha kidole, akapitisha kidole gumba kwenye mshono wa mgongo, akauliza nimenunua wapi.

"Nimetengeneza mwenyewe, mama."

Akaingia nyuma ya kaunta. Akatoka na daftari la madeni, nene, limepoteza jalada zote mbili, limefungwa kwa kamba ya katani. "Ukuta umeshapata mwenyewe," alisema. "Hili je?"

Daftari nililivisha kwa ule mguu wa kwanza wa jinzi, baada ya kuulowesha na kuusugua mpaka ukungu ukatoka mwingi. Alinilipa nusu kwa pesa na nusu kwa ngege na ugali, Ijumaa nne mfululizo. Sahani ya kwanza nilimpelekea mzee. Alikula kwanza akamaliza, akanawa, ndipo akachukua daftari akalifungua na kulifunga. "Bawaba ya kushoto umeipunja," akasema. Kweli nilikuwa nimetumia penseli iliyochongwa.

Miaka kadhaa baadaye nilipita pale nikala. Yule samaki alikuwa ameshapakwa rangi nyingine juu, lakini daftari lilikuwa palepale kwenye kaunta, jinzi imekuwa nyeusi kwa mafuta. Nikamuuliza kama mende wamelishambulia.

"Mende hawajaligusa," alisema, akilifungua kutafuta jina la mtu. "Wanaonila ni hawa uliowafungia humu ndani."