Ninavyotofautisha shinikizo la mafuta na la divai magofuni

Ukikuta birika lililochongwa mwambani huko Galilaya, usiharakishe kusema ni la shinikizo (mtambo wa kukamulia) la divai. Mimi huanza na swali moja: mawe haya yalihimili nguvu kiasi gani? Zabibu hutoa maji yake zikikanyagwa kwa miguu tu. Zeituni lazima zisagwe, kisha rojo lake likamuliwe kwa uzito mkubwa.

Kwa hiyo natafuta kinu kwanza. Mara nyingi ni sinia nene la jiwe, la mviringo, ambamo gurudumu la jiwe lilizungushwa na punda. Lakini si kila mahali: Ekron, mji wa kale wa Wafilisti, karne ya 7 KK, penye mashinikizo zaidi ya 100, zeituni zilisagwa kwa jiwe la kuviringisha ndani ya birika la mstatili. Anayetafuta duara tu atalipita.

Kinu kikiwa kimeshachukuliwa, naangalia ukuta. Boriti ilichomekwa kwenye kidaka (tundu la ukutani), makanda ya rojo yakapangwa chini yake karibu na ukuta, na mawe yenye tundu la kamba yakaning'inizwa ncha ya pili. Piga hesabu: makanda yakiwa mita 1 kutoka ukutani, na mawe 3 ya kilo 300 yakiwa mita 5, basi kilo 900 zinakandamiza makanda kwa tani 4.5. Wengi husahau kwamba shina la boriti nalo linasukuma kwenda juu, hapa kwa tani 3.6. Kidaka kisicho na mzigo wa kutosha juu yake kingeng'oka siku ya kwanza. Ndiyo maana huko Libya walisimamisha nguzo mbili kubwa za mawe na kuzibana kwa jiwe la juu. Wasafiri wa karne ya 19 walizikuta zimesimama peke yake wakadhani ni mahali pa ibada!

Panapochanganya ni mashinikizo ya divai ya enzi ya Bizanti (Milki ya Roma ya Mashariki). Katikati ya sakafu ya kukanyagia huwa pana shimo la parafujo, la kukamulia maganda yaliyobaki. Alama ya kukamulia peke yake basi haitoshi. Hapo napima sakafu: ya divai ni pana, ina mteremko, imepigwa lipu au imetandazwa vijiwe, tena iko wazi. Yavne huko Israeli, kwa mfano, shinikizo moja zima lina eneo la kama mita za mraba 225. Birika la divai ni kubwa, mara nyingi lina ngazi, na chini kuna kishimo cha mashapo.

Birika la mafuta ni dogo, kwa kuwa mafuta huelea juu ya maji machungu ya zeituni na kuenguliwa. Nalo huwa chini ya paa au pangoni, kama Maresha, mji wa kale huko Israeli: zeituni huvunwa kuanzia Oktoba, baridi inapoingia, na mafuta yakipoa huchuruzika kwa shida.