Umehesabu Bati

Kanga kuukuu haikatwi kwa mkasi. Unaing'ata ukingoni mpaka uzi ukubali, unashika pande mbili, unavuta. Ikichanika kwa sauti moja iliyonyooka ujue imeshalainika vya kutosha kumgusa mtoto.

Jumanne nilikuwa mkekani nachana winda za mjukuu. Pampasi zipo, msinianze, mkwe wangu ameleta katoni mbili. Lakini mtoto ana siku tisa, na mimi nina kanga sanduku zima zinazongoja kazi. Nilikuwa nimefika ya sita au ya saba nilipoing'ata moja ya kijani iliyopauka, pindo limeisha rangi, na mkono ukasita wenyewe. Jina lilikuwa bado linasomeka.

UMEHESABU BATI HESABU NA MOSHI.

"Mama, mbona umeganda?"

"Hii niliiandika mimi."

Binti yangu akanitazama kama ananiona upya. Anajua nilifanya kazi kiwanda cha kanga, ila kwake ni kama hadithi za bei ya mkate zamani. "Uliitunga wewe?"

"Niliiandika," nikasema. "Kutunga ni jambo jingine."

Ilikuwa mwishoni mwa 1997, mwaka wa mvua za El Niño. Barabara za mikoani zilikuwa zinakatika, mzigo umelala stoo, na kanga za India zimejaa Mtaa wa Uhuru, Dar es Salaam, kwa bei ambayo sisi tusingeiweza hata tungechapa usingizini. Ramadhani ilikuwa inaanza mwisho wa Desemba, na mzigo wa Idd ulitakiwa dukani kabla watu hawajamaliza pesa kwenye futari. Bosi akaingia chumba chetu cha michoro siku ya Alhamisi na kusema Jumatatu anataka majina kumi mapya kwa kila mmoja. Mapya, akarudia. "Wanawake wa Uhuru wanasoma kwanza, kitambaa wanakishika baadaye."

Alikuwa na haki. Pindo letu lilikuwa zuri, mji, ile sehemu ya katikati ya kanga, ulikuwa mzuri, rangi haikuwa inachuja kama za wenzetu. Jina ndilo lililokuwa limekufa. Tulikuwa watano mle ndani, na wenzangu wanne walikaa kota za kiwanda, ukuta kwa ukuta. Asubuhi wanakuja kwa mguu pamoja, mchana wali wa mama ntilie mmoja, jioni bao chini ya mwembe mmoja. Mmoja akianza sentensi mwingine anaimalizia. Nilikuwa nawaonea wivu kwa hilo, sisemi uongo. Ila kila jina lililotoka kwenye meza ile lilikuwa na mama, au Mungu, au jirani mwenye kijicho, na kuna wiki moja lilitoka lenye wote watatu.

Mimi nilikuwa "dada wa Kigamboni". Mtu wa kuchelewa, mtu wa kuondoka mapema, kwa sababu ya pantoni, kivuko cha kutuvusha mjini.

Waliozaliwa juzi wanaopita darajani kwa gari hawawezi kujua pantoni ilikuwa nini. Siyo safari. Ukihesabu maji yenyewe ni dakika chache tu, lakini unasubiri saa nzima kuyavuka, na saa hiyo unaisubiri na watu usiowajua ambao unawaona kila siku ya Mungu. Wasukuma mikokoteni. Mwalimu mwenye baiskeli. Kijana wa kahawa na birika lake. Na yule mama wa vibua.

Jina lake silijui mpaka leo. Alikuwa anavikaanga usiku, asubuhi anavivusha kwenye ndoo iliyofunikwa gazeti, jioni anarudi na samaki wabichi wa Feri kwa ajili ya kesho yake. Miaka miwili tulisalimiana: shikamoo mama, marahaba mwanangu, za tangu asubuhi, nzuri. Mvua ikinyesha tunagawana mwavuli wangu. Macho yake yalikuwa mekundu siku zote, na mimi moyoni nilishaamua kwamba anaumwa, au ana mtu anamlilia.

Ijumaa ile jioni mvua ilikuwa ya kulala, haiji kwa nguvu wala haiachi. Pantoni ikang'oa Magogoni, ikaenda kidogo, ikasimama katikati ya maji: kuna meli inaingia bandarini, lazima tuipishe. Kukawa kimya kile cha watu walioloa. Harufu ya dizeli, ya ngisi, ya nguo mbichi. Nilikuwa nimesimama kwenye chuma cha pembeni, mama wa vibua kando yangu, bega lake moja liko nje ya mwavuli kwa sababu hakupenda kujaza nafasi ya mtu.

Nyuma yetu wanawake wawili wakaanza kuongea. Mnayajua maongezi ya aina hiyo, yanaongewa huku yanatupwa kule.

"Siku hizi watu wameacha makuti, shoga. Wanaezeka bati."

"Bati za nchi gani! Nilipita jana nikazihesabu. Thelathini na mbili."

"Kwa vibua?"

"Ndio nakuuliza wewe. Kwa vibua tu?"

Wakacheka. Watu wawili watatu wakageuka kumtazama mama wa vibua kisha wakajifanya wanatazama maji. Mimi nikatazama viatu vyangu. Yeye akakunja upindo wa kanga yake, akaukamua, maji yakatiririka juu ya sakafu ya chuma. Akafunika tena ndoo iliyokuwa tayari imefunikwa. Meli ikatupita, ukuta mrefu wa chuma usioisha, makontena juu yake kama viberiti, ikapiga honi iliyoingia hadi tumboni. Na honi ilipokatika, katika ule upenyo wa masikio kurudi, akasema, bila kugeuka, bila kupandisha sauti:

"Umehesabu bati. Hesabu na moshi."

Basi.

Msukuma mkokoteni akapiga gurudumu kwa kiganja, "Ha!" Kicheko kikaenda kikizunguka pantoni nzima, hata mmoja wa wale wawili akacheka, maskini, kabla hajakumbuka yeye ni wa upande gani. Mama wa vibua hakucheka. Alikuwa anapepesa macho yake mekundu kwenye mvua, na ndipo mimi, mtu mzima, msomi wa michoro, nikaelewa yale macho. Miaka miwili namhurumia kwa msiba ambao hakuwa nao. Ulikuwa moshi.

Nikatoa tiketi ya pantoni na kalamu ya kazini. Karatasi ilikuwa imeloa, wino ukatawanyika, ila maneno matano yalikaa.

Yaliyofuata yalienda upesi. Jumatatu nikasoma majina yangu kumi. Tisa ya mama na Mungu, na moja lile. Bosi akasema, soma tena la mwisho. Mwenzetu mmoja mwenye sikio la ushairi akahesabu mizani kwa vidole, akataka iwe "umehesabu mabati, hesabu na moshi wake", nane kwa nane. Alikuwa sahihi kwa hesabu na nilimchukia mchana kutwa. Bosi akasema acheni kama lilivyo. Likachapwa kwa kijani. Sikuwahi kuonyeshwa mauzo, ila wiki ya mwisho ya mfungo mwenye duka wa Uhuru alimtuma kijana kwa baiskeli, kwenye matope yale, kuuliza kama imebaki hata robo ya mzigo.

Hakuna aliyeniuliza nimelitoa wapi. Nami sikusema.

Idd iliangukia mwisho wa Januari 1998. Siku chache baadaye niko kwenye pantoni ya asubuhi, mama wa vibua akanijia, ndoo mkononi, amejitanda ya kijani, bado ina wanga, haijafuliwa hata mara moja. "Mwanangu, wewe umesoma. Nisomee hapa." Nikamsomea. Akanisikiliza huku ananyoosha kitambaa ili herufi zikae sawa. "Ndivyo walivyoniambia," akasema. "Wameniandika. Nikasema basi nikainunue."

Akanunua doti nzima, kwa pesa ya vibua.

Hakujua ninafanya kazi wapi. Kwake nilikuwa mwenye mwavuli. Nikamwambia, "Maneno yamekaa vizuri, mama." Halafu pantoni ikagonga gati na kila mtu akashika mzigo wake.

Februari kiwanda kikanizawadia. Bosi alisema kichwa kama changu hakiwezi kupotezewa saa mbili kila siku kwenye foleni ya pantoni, nikapewa kota: chumba na nusu, bomba uani, ukuta kwa ukuta na wenzangu. Akaanzisha pia kikao cha mawazo, kila Jumatano, chai na sambusa, watu wote watano kuzunguka meza moja. Sambusa zilikuwa nzuri. Nikaanza kula wali uleule, nikajifunza bao. Mwenzangu akianza sentensi nikawa naimalizia. Kufikia Idd iliyofuata orodha yangu ilikuwa na mama, Mungu, na jirani mwenye kijicho, na Bosi, mtu mwema kabisa, alikuwa ananitazama kama mtu aliyenunua kuku wa mayai akakuta ni jogoo.

Haya yote nilimwambia binti yangu juzi, nusunusu, mtoto akinyonya. Akacheka, akasema mbona hilo walifundishwa chuoni. Kuna Mmarekani anaitwa Mark Granovetter, 1973, aliwauliza watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua: huyo mtu mlikuwa mnaonana naye mara ngapi? Waliokuwa wakionana mara kwa mara hawakufika hata 17 katika kila mia. Wengi walikuwa wanaonana mara mojamoja au kwa nadra, kwa sababu rafiki wa karibu anajua kile unachokijua wewe tayari. Na mwingine, Ronald Burt, 2004, alikwenda kwa mameneja wa kampuni kubwa ya elektroniki, akakuta mawazo yaliyosifiwa yalitoka kwa wale waliosimama kwenye mwanya kati ya kundi na kundi. Hata hivyo, anasema binti yangu, walio wengi wazo wakilipata wanampelekea mwenzao wa meza ya jirani, linafia hapo.

"Kwa hiyo wewe, Mama, ulikuwa kwenye mwanya."

"Nilikuwa kwenye pantoni."

"Ndiyo huohuo."

Labda. Ila nikamuuliza, kwenye vitabu vyao hivyo, yule wa upande wa pili wa mwanya anapata nini? Akafikiri. Akasema hakumbuki kama walifika hapo. Kisha simu yake ikalia, ni kundi lao la WhatsApp la ubunifu kazini, watu kumi na wanne wa ofisi moja wanaotumiana vidole gumba hadi likizo ya uzazi haiwazuii.

Niliwahi kumtafuta, mara mbili. Mara ya kwanza nilikuta pantoni imejaa watu nisiowajua wanaojuana. Mara ya pili daraja lilikuwa limefunguliwa, 2016, na hata sikujua nianzie upande gani.

Mtoto akaloa, akalia, na winda zilikuwa hazijatosha. Binti yangu akanyoosha mkono, "Basi lete hiyohiyo, au unaiweka?" Nikaishika pande mbili. Nikaichana kwa upande wa pindo, nikalikwepa jina. Winda moja ikapatikana. Kipande kilichobaki hakitoshi winda nyingine, wala hakitoshi kujitanda.