Jinsi nilivyofungua diski nzima iliyokuwa ndani ya faili moja

Diski ya nje ya marehemu baba ilipoanza kugonga-gonga kila nilipoichomeka kwenye kompyuta yangu ya Linux, nilijua kwamba haina muda mrefu, na ndani yake mlikuwa na picha za ukoo ambazo hazikuwapo mahali pengine popote. Niliamua kuisoma mara moja tu. Programu ya ddrescue iliinakili sekta kwa sekta (sekta ni kipande kidogo cha diski chenye baiti 512), ikiruka sehemu mbovu na kuzirudia baadaye, na baada ya siku mbili nikapata faili moja lenye baiti 500,107,862,016, ambamo sehemu chache zisizosomeka zilibaki zimejaa sifuri.

Jamaa mmoja alinishauri ninunue diski nyingine yenye ukubwa uleule ili niirudishie nakala hiyo, lakini haikuhitajika. Mfumo wa faili kama ext4, yaani utaratibu wa kupanga mafaili na folda kwenye diski, haujui wala hauulizi kama chini yake kuna chuma kinachozunguka. Unachohitaji ni kifaa kinachojibu ombi la kusoma au kuandika sekta yenye namba fulani. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo kinachosimamia vifaa, ina kiendeshi (programu ya kuendesha kifaa) kiitwacho loop ambacho huchukua faili la kawaida na kulitambulisha kwa jina kama /dev/loop0. Ombi la sekta ya 5,000 linapofika, kiendeshi huizidisha namba hiyo kwa 512, huenda kwenye baiti hiyo ndani ya faili, kisha huuachia mfumo wa faili wa nje kazi ya kutafuta mahali baiti hizo zilipo kwenye diski halisi. Kwa hiyo kila ombi hupita kwenye mifumo miwili ya faili, mmoja ukiwa ndani ya mwingine. Mifumo mingine ya kompyuta ina njia zake: FreeBSD hufanya kazi hiyo kwa amri ya mdconfig, na OpenBSD kwa kifaa kiitwacho vnd.

Jaribio langu la kwanza la kupachika faili lile, yaani kuliunganisha ili folda zake zifunguke, lilikataliwa kwa maelezo kwamba aina ya mfumo wa faili si sahihi, na moyo ulinidunda kwa hofu kwamba nakala imeharibika. Haikuwa imeharibika. Nilikuwa nimenakili diski nzima, si kizigeu kimoja (sehemu ya diski yenye mfumo wake wa faili), na mwanzoni mwa diski huwa kuna jedwali la vizigeu. Amri ya fdisk -l ilinionyesha kwamba kizigeu kinaanzia sekta ya 2048, yaani baiti ya 1,048,576. Ningeweza kuipa losetup, amri inayounganisha faili na kifaa cha loop, namba hiyo kwa chaguo la -o, ila nilitumia -P, ambalo huiagiza kerneli isome jedwali lenyewe, na mara moja /dev/loop0p1 ikatokea.

Niliongeza pia -r ili kifaa kiwe cha kusomwa tu, na tahadhari hii naisisitiza kwa yeyote mwenye nakala moja pekee. Watu wengi huamini kwamba kupachika kwa chaguo la ro (kusoma tu) kunatosha, ilhali ext4 ikikuta daftari lake la mabadiliko (journal, mahali linapoandika kwanza mabadiliko kabla ya kuyatekeleza) halijakamilishwa, hulikamilisha kwanza kwa kuandika kwenye kifaa, hata ukiwa umeomba kusoma tu. Kwangu, kwa kuwa kifaa chenyewe kilikataa kuandikwa, kerneli iligoma kuendelea na ikapendekeza noload, chaguo linalouacha mfumo wa faili usomwe bila kuligusa daftari. Nilipolitumia, folda za baba zilifunguka kwa majina yaleyale aliyoyaandika, mwaka kwa mwaka.

Picha chache zilikuwa na mkanda wa kijivu mahali sekta zilipopotea. Nyingine zote zilikuwa nzima. Nilizinakili kwenye diski mbili, nikaondoa upachikaji kwa umount, kisha nikaachilia kifaa kwa losetup -d. Hatua hii ya mwisho husahaulika, na faili huendelea kushikiliwa na kerneli kimyakimya, kwa hiyo niliita losetup -a, na haikuorodhesha kitu.