Saruji ya Siku Moja

Mwaka 1993 nilikuwa saidia fundi kwenye lile jumba la Mizingani, Unguja, ambalo sisi wa mtaa wa Malindi tulilijua kwa jina moja tu: Dispensari. Wakfu wa Aga Khan wa utamaduni ulikuwa ukilifufua liwe kituo cha utamaduni, na mjomba, fundi wa chokaa, ndiye aliyenipeleka.

Siku moja aliniachia kona ya ukuta, chumba cha chini. Chokaa haina haraka: unapaka, unangoja, unanyunyizia maji, unangoja tena. Mimi nilitaka nionekane hodari. Nikachota saruji iliyokuwapo uani, nikaziba shimo, nikalainisha kwa mwiko. Kazi safi, nilidhani.

Asubuhi yake mjomba aliigonga kwa ukucha.

"Nani kaweka hii?"

"Mimi, mjomba."

"Basi itoe mwenyewe."

Ukuta wa mawe ya matumbawe hunywa maji na chumvi kutoka chini, kisha hutoa jasho kupitia chokaa. Ukiufunika kwa saruji, unyevu hukosa pa kutokea na chumvi hulila jiwe kwa ndani. Hayo alinieleza baadaye. Wakati ule alinipa tindo na nyundo tu.

Adhuhuri mama akaja na chakula. Hakuwa ameingia mle tangu dispensari ifungwe baada ya Mapinduzi. Alisimama uani shingo juu, anatazama roshani zilizochongwa kama kofia ya viua. Tharia Topan, tajiri aliyeanzisha jengo hili, aliweka jiwe la msingi mwaka 1887, kwa jubilei ya Malkia Victoria, akafa 1891 jengo halijakwisha. Tajiri yule hakuwahi kusimama ndani ya jengo lililokwisha, kama alivyosimama mama na bakuli lake la mchuzi wa papa.

Kisha akaingia chumbani kwangu, akapapasa ukuta.

"Dirisha la dawa lilikuwa hapa. Dawa chungu hiyo! Nilikuwa naibana mdomoni, nikifika nje naitema."

"Na mimi nikakusemea kwa mama," mjomba akadakia.

"Ukanipigisha!"

Wakacheka mpaka mjomba akakaa kwenye gunia la chokaa. Ndipo mama akaliona shimo langu, sasa kubwa mara mbili ya lile la mwanzo, na vipande vya saruji miguuni.

"Huyu anabomoa nini?"

"Anatengeneza," akasema mjomba, akaanza kufungua bakuli.